Kawa la Kioo

Ongata Rongai
9 Machi 1997

Dada yangu Mwanamina,

Assalam alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Ridha, na Sumayya wetu ambaye nasikia anakaribia kukupita kimo. Mimi sijambo. Mkono wa kushoto una malengelenge mawili niliyoyapata kwa pupa yangu, lakini yameanza kukauka, kwa hivyo usimtume mtu na mafuta ya nyonyo.

Dada, nina habari. Unajua miaka sita hii tangu niache kufundisha nimekuwa nikipuliza glasi na majagi ya watu hapa karakanani kwa Mzee Thadeus. Tunayeyusha chupa kuukuu na vioo vya madirisha vilivyovunjika mpaka vinakuwa kama asali, halafu tunavipuliza kwa bomba refu la chuma. Basi Mzee Thadeus amenipa nafasi nifanye kazi zangu mwenyewe, kwa jina langu, na mwezi wa tisa zitawekwa katika jumba la sanaa mjini Nairobi. Hakuna mwanamke wa karakana hii aliyewahi kupata hilo.

Watu wanatarajia twiga na ndege wa kioo. Mimi sitaki twiga. Nataka kutengeneza mchana wa mwanamke: ndoo yake, ungo wake, kanga aliyoianika. Vitu ambavyo hakuna anayevitazama mara mbili kwa kuwa viko kila nyumba. Na kila nikikaa kuuwaza mchana wa mwanamke, ninayemwona ni wewe. Mama alipofariki nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na sita, na tangu siku ile mikono niliyoitazama ikifanya kazi ni yako.

Nakuomba kitu kidogo. Niandikie siku yako moja, tangu unapoamka mpaka unapolala. Usichague. Niandikie hata yale unayoona hayana maana. Nasema uandike, usipige simu, kwa sababu simu iko dukani kwa shemeji, na ukiwa pale huongei. Unasema "haya, haya" tu.

Msalimie shemeji. Mbusu Sumayya.

Mdogo wako,
Firdaus


Voi
27 Machi 1997

Mdogo wangu Firdaus,

Waalaikum salaam. Sote tu wazima, tunamshukuru Mungu. Sumayya amekuwa wa pili darasani. Wa kwanza ni binti wa jirani yetu Muhonja, mke wa Nashon wa reli, basi wiki hii nyumba zetu mbili zinasalimiana kwa shingo upande, ingawa chumvi bado tunaombana. Kule Marungu ndovu wameingia shambani kwa Kalondu, yule aliyekuwa akituuzia pojo, wakamaliza mahindi yote na tangi la maji wakaliangusha. Mafuta ya nyonyo nimempa Nashon, atayashusha Nairobi zamu yake ijayo. Utayapaka utake usitake.

Umenichekesha. Siku yangu mimi, katika jumba la sanaa! Haya.

Naamka alfajiri, nasali, naweka chai. Maji ya bomba hapa mtaani Sofia yanakuja siku mbili kwa wiki, kwa hivyo kila asubuhi naangalia kwanza mapipa yamebakia wapi, ndipo najua leo tutafua au hatufui. Namsuka Sumayya huku akilalamika. Akishatoka nafagia uwanja, na vumbi jekundu linarudi hata sijauweka ufagio chini. Saa nne Muhonja anakuja na ungo wake, tunachagua mchele barazani, tunasema watu. Nakuna nazi, napika. Alasiri nashona mashuka ya wateja mpaka macho yanachoka.

Jioni napakua. Changu na cha Sumayya sinia moja. Cha shemeji yako nakitia katika sahani yake ya maua ya buluu: wali, kipande kizuri cha samaki upande wa kulia, ndimu, na chumvi kidogo pembeni, maana yeye hupenda kujiongezea mwenyewe. Nakifunika kwa lile kawa la mama, kifuniko chake cha ukindu. Asubuhi nafunua, napasha moto, nakila mimi kwa chai. Sipendi kutupa chakula. Ridha siku hizi yuko Taveta sana. Biashara ya vitambaa pale mpakani imemshika.

Ndiyo siku yangu. Unaona mwenyewe haina kitu.

Dada yako,
Mwanamina


Ongata Rongai
4 Mei 1997

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na shukrani kwa mafuta. Nimeyapaka, na malengelenge yamepona, sasa furahi. Idd nilisali hapa Rongai na nikala pilau kwa mama mmoja wa msikitini, lakini haikuwa yako.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Unasema haina kitu! Nimeshatengeneza ungo wa kioo, na ndani yake punje za mchele, na kati ya punje mawe matatu meusi. Nimetengeneza mapipa manne ya maji, kila moja maji yake yamekomea mahali tofauti. Mzee Thadeus aliyatazama, akavua kofia, akasema, "Mama yangu alikuwa akiangalia pipa hivyohivyo."

Lakini kinachonisumbua usingizini ni ile sahani. Nataka kuitengeneza pamoja na kawa lake, na kawa siwezi kulibuni. Lazima kioo kishike kila ukindu. Hebu nitumie lile la mama kwa Nashon. Nitalitunza kama roho yangu na nitakurudishia.

Na dada, shemeji anarudi lini? Kwa mwezi analala nyumbani siku ngapi?

Mdogo wako,
Firdaus


Voi
8 Juni 1997

Firdaus mdogo wangu,

Nimefurahi umepona. Hapa sote salama. Mvua zimekatika mapema, na wa Marungu wanalia tena, baada ya ndovu sasa ni jua.

Umeuliza habari za shemeji yako. Sumayya amepoteza kiatu kimoja cha shule, hebu fikiria, kimoja, na hawezi kusema amekivulia wapi. Nimemshonea pia sare mpya kwa vile ile ya zamani inambana mabega.

Kawa nimempa Nashon, nimelifunga ndani ya kanga mbili. Ukilifungua utaona ile nyota nyekundu ya katikati haikukaa sawa, imevutwa upande mmoja. Mama alilisuka akiwa na mimba yako, na akisema wewe ndiwe uliyempiga teke mkono ukateleza. Ni kitu chake pekee nilichobaki nacho, vingine vyote baba aliwagawia ndugu zake. Kwa hivyo usiliweke karibu na moto wenu, na unirudishie kabla ya Ramadhani.

Na ile habari ya chakula, Firdaus, nilikuandikia wewe.

Mwanamina


Ongata Rongai
21 Septemba 1997

Dada yangu, dada yangu,

Salamu, salamu, mko hali gani, na Sumayya amepata kiatu? Nisamehe kimya cha miezi mitatu. Nilikuwa nalala karakanani. Kioo kikubwa kikitoka motoni lazima kipoe polepole, siku tatu, nne. Ukikiharakisha kinapasuka chenyewe. Sahani ilipasuka mara mbili. Ya tatu ikakubali.

Maonyesho yamefunguliwa Alhamisi, na natamani ungekuweko. Nimeyaita "Mchana wa Mwanamke". Watu walijaa mpaka ngazini. Wanasimama kwenye ungo, wanacheka. Wanafika kwenye mapipa, wanainama kuangalia maji yamekomea wapi. Halafu wanafika mwisho wa chumba, kwenye meza ndogo nyeupe, na hapo ndipo sahani ilipo. Nimeiita "Kiporo". Kawa lote ni kioo, kila ukindu unaonekana, na nyota imevutwa upande kama ilivyo. Ukiinama unaona chakula ndani, kimefifia, kama kitu kilicho chini ya maji: samaki kulia, ndimu, chumvi pembeni. Kuna mama mmoja, mke wa mtu mkubwa serikalini, alisimama pale muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu mwanamke bado anapakua?" Akalia palepale, na mkufu wake wa dhahabu.

Usiwe na wasiwasi. Hakuna anayekujua huku. Mtu wa gazeti alikuja akapiga picha nyingi, lakini sijui kama watachapa.

Nimefanya kitu kizuri, dada. Kwa mara ya kwanza maishani nina hakika.

Firdaus wako


Voi
12 Oktoba 1997

Firdaus,

Tu wazima.

Leo asubuhi Nashon ameshuka na gazeti la Jumapili. Muhonja akaja nalo mbio, hata kanga haikumkaa kichwani. Akasema, "Mama Sumayya, hii si kawa yako? Hii ya nyota mbaya?" Nikasema makawa yanafanana. Akasema, "Hapana. Mimi nimekaa na hii kawa miaka minane." Kisha akasoma kwa sauti, kwa sababu yeye husoma kila kitu kwa sauti: "Msanii asema kazi hii inatokana na maisha ya dada yake anayeishi Voi, ambaye kila jioni humpakulia mume asiyerudi."

Sumayya alikuwa mlangoni na ndoo.

Muhonja alipomwona alikunja gazeti akasema samahani, akatoka. Muhonja si mbaya. Lakini saa sita nilikwenda kununua nyanya, na wanawake wawili waliokuwa wakiongea wakaacha kuongea.

Ridha yuko Taveta. Sijui huko gazeti linafika siku gani.

Nataka kujua jambo moja tu. Nani aliwaambia hawa watu kuwa ni mimi? Na kawa langu liko wapi?

Mwanamina


Ongata Rongai
20 Oktoba 1997

Dada yangu,

Assalam alaikum. Barua yako imenifika leo. Nisamehe. Sikujua watachapa maneno yale. Mimi nilisema ni mchana wa mwanamke yeyote. Mle karakanani watu wanajua nina dada Voi, na huenda mtu wa gazeti aliokota hapa na pale akaunganisha. Unajua watu wa magazeti.

Nimewapigia simu kuwalaumu. Wanasema hawawezi kufuta lililochapwa.

Dada, lakini hebu tazama upande mwingine. Wanawake wengi wamejiona mle. Kama shemeji ana haya, ni haya yake, si yako. Wewe hukufanya kosa lolote. Labda sasa atarudi nyumbani.

Kawa lipo. Nitakuletea mwenyewe.

Mdogo wako anayekupenda,
Firdaus


Ongata Rongai
14 Desemba 1997

Dada Mwanamina,

Salamu. Hii ni barua ya nne tangu Oktoba, na sina jibu hata moja. Redio inasema mvua hizi zimekata njia kila mahali, kwa hivyo kila siku najiambia ni posta. Nilipiga simu dukani mara tatu. Mara mbili haikuingia. Mara ya tatu aliipokea shemeji, nikasema "Ni Firdaus", akaiweka chini.

Wiki iliyopita nilipanda basi nije. Kupita Mtito Andei barabara ilikuwa imebebwa na maji, malori yamesimama foleni mpaka huwezi kuona mwisho. Tulikaa pale siku nzima, kisha dereva akageuza.

Niandikie hata neno moja. Nitukane. Sumayya hajambo?

Firdaus


Voi
11 Januari 1998

Firdaus,

Waalaikum salaam. Barua zako tatu za mwisho zimefika pamoja juzi, zimelowa. Ni mfungo, na sitaki kufunga nikiwa na kinyongo kisichosemwa, kwa hivyo nitakuambia yaliyotokea, mara moja, kisha usiniulize tena.

Ridha alikuja Jumamosi ile iliyofuata, mchana. Hakusalimu. Akakaa mkekani akasema, "Nipakulie." Nikampakulia. "Funika." Nikafunika kwa sinia, kwa sababu kawa unalo wewe. Akalitazama lile sinia. Halafu akatoa gazeti mfukoni akaliweka juu yake.

"Voi nzima inajua nina mke Taveta," akasema. "Wewe unajua. Umewahi kusikia mtu akilitaja mbele yako? Walikuwa wanakuheshimu, na mimi wananiheshimu. Sasa nimekuwa wa kuchekwa."

Nikamwambia, "Sikusema na mtu wa gazeti."

"Ulisema na nduguyo."

"Nilimwandikia siku yangu tu."

Akasema, "Siku yako ni nyumba yangu."

Kisha akaniacha. Mbele ya Muhonja na Nashon, aliowaita waje wawe mashahidi. Muhonja alilia kuliko mimi, akamwambia, "Baba Sumayya, wewe ndiye ulikosa, na ni yeye anafukuzwa?" Nashon akamvuta mkono.

Niko nyumba ya marehemu baba, katika chumba cha uani. Wapangaji wa mbele ni watu wema. Eda nimeimaliza nikihesabu siku kama mtoto anayengoja likizo, ingawa hakuna ninachongojea. Wazee walikaa wakaamua Sumayya aende kwa babake, asome Taveta. Alichukuliwa tarehe tatu Novemba. Wiki hiyohiyo mvua ikakata njia ya Taveta. Siku thelathini na nane, Firdaus, sikujua mwanangu analala wapi, anakula nini, na huyo mwanamke anamwitaje. Barua yake ya kwanza ilikuwa na mistari minne. Inasema ni mzima na anamsaidia mama mdogo kazi. Si wewe anayekusudia.

Sasa nikuambie lililoniuma kuliko talaka. Muhonja alinisomea lile gazeti lote. Umesema mwanamke yule anangoja. Umesema kila jioni anatumaini. Firdaus, mimi sikuwa nangoja. Nilijua habari ya Taveta tangu mwaka wa tisini na tano. Siku ile niliyojua nililia mara moja, bafuni, nikamaliza. Ile sahani nilikuwa naipakua ili Sumayya aone kuwa babake ana sahani katika nyumba hii. Ili akikua asiseme alilelewa na mwanamke aliyeachwa. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya kila jioni, na niliifanya vizuri, na ilikuwa inaenda.

Ungeniuliza kwa nini napakua ningekuambia. Uliuliza tu kuhusu kawa, na Ridha hulala nyumbani siku ngapi.

Mwanamina


Ongata Rongai
1 Februari 1998

Dada yangu,

Idd njema, ingawa najua haikuwa njema.

Sina haki ya kuomba msamaha kabla sijakueleza ukweli, kwa hivyo naueleza. Ni mimi niliyemwambia mtu wa gazeti. Hakuokota popote. Aliniuliza, "Huyu mwanamke yupo kweli, au umembuni?" Alikuwa na kalamu mkononi, na watu walikuwa wamenizunguka, na nikaona nikisema nimebuni, kazi yangu itapungua uzito. Nikasema yupo. Akasema, "Ni nani?" Nikasema dada yangu, Voi. Nilisema kwa fahari, dada. Nilikuwa nimeshasahau kabisa kwamba uliniandikia, "nilikuandikia wewe". Barua ile ilikuwa ukutani mbele ya meza yangu ya kazi.

La pili. Kawa halipo. Kioo hakiwezi kushika ukindu mpaka kawa lenyewe lizikwe ndani ya plasta, ule unga mweupe unaokorogwa na maji ukaganda, kisha plasta itiwe tanurini. Ukindu unaungua, na nafasi unayoiacha ndiyo inayojazwa kioo. Nilijua hivyo siku niliyokuomba. Nilijiambia nitatafuta njia nyingine. Sikutafuta. Sahani ilipopasuka mara ya kwanza na ya pili, kawa lilikuwa bado zima, nikaona plasta ya juujuu haishiki ile nyota. Mara ya tatu nikalizika. Nilisimama mlangoni mwa tanuru nikasikia harufu yake, kama majani ya shamba yakichomwa. Nilisema "Bismillahi" kama mtu anayechinja. Basi najua nilichokuwa nafanya.

La tatu, kwamba hukuwa unangoja, sikulijua. Nilikulilia miezi yote ile nikitengeneza, na nilikuwa namlilia mtu mwingine.

Maonyesho yameongezwa mpaka mwisho wa Aprili, kwa kuwa watu bado wanakuja. Wameniomba "Kiporo" iende ng'ambo baadaye. Sijawajibu. Niambie niivunje nitaivunja, siku hiyohiyo, kwa nyundo. Niambie nije Voi nitakuja kwa miguu. Nitaonana na Ridha, nitaonana na wazee, nitawaambia kosa ni langu.

Sili vizuri. Sisemi ili unihurumie. Nasema kwa kuwa zamani ungetaka kujua.

Firdaus


Voi
26 Aprili 1998

Firdaus,

Assalam alaikum. Mimi ni mzima. Nashona mashuka kama kawaida, na mapazia ya hoteli moja hapa mjini. Kalondu wa Marungu amepanda tena, na safari hii amepata. Sumayya alikuja likizo, amekaa nami wiki mbili na siku tatu. Amerefuka. Amejifunza kupika ndizi za Kitaveta, na anasema "mama mdogo" kisha ananitazama usoni aone nimefanya nini. Sifanyi kitu.

Nimekaa na barua yako tangu Februari. Sumayya ndiye aliyeniomba. Alisema, "Mama, nipeleke Nairobi nikaione ile sahani." Nikakataa siku nne. Siku ya tano nikakata tikiti mbili za basi la asubuhi.

Tumeiona. Ungo ni wangu kabisa. Mapipa pia. Sumayya alicheka kwenye mapipa, akasema, "Hili la mwisho ni la Jumatano." Kisha tukafika kwenye meza ile.

Ni nzuri, Firdaus. Nilikwenda nikiomba iwe mbaya. Nilitaka nione kitu cha ovyo ili nikuchukie vizuri. Nikaona nyota ya mama, na mkono wake ulipoteleza, na jua la dirishani limeingia mle ndani mpaka chumvi inang'aa. Nilishika ukingo wa meza, na mlinzi akaniambia, "Mama, usiguse." Nikatoa mkono.

Kulikuwa na mwanamke mwingine kando yangu, msichana tu, amebeba mtoto mgongoni. Akaniambia, "Mimi nakuja hapa kila wiki. Huyu wa sahani ananielewa." Akaniuliza kama namjua aliyeitengeneza. Nikasema simjui. Lilitoka lenyewe kabla sijalifikiri, na nilipolisikia nikaona ni kweli.

Tulipotoka nje Sumayya akaketi kwenye ngazi. Akasema, "Mama, nilikuwa najua. Tangu darasa la nne. Nilikuwa naamka nakuona unakila kile chakula cha baba. Nikanyamaza ili usijue najua." Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Ulikuwa unapakua vizuri sana."

Basi miaka miwili nilimficha, na yeye akanificha, na sote tulikuwa tunaweza. Tungeendelea hivyo mpaka aolewe. Sijui kama ingekuwa bora. Lakini ilikuwa yetu.

Alitaka tuje Rongai. Tulikuja. Tulishuka tukauliza karakana ya vioo, tukaonyeshwa, tukafika mpaka kwenye ua wa miti. Ulikuwa unafanya kazi. Umekonda. Ulikuwa umeshika lile bomba na jasho linakutoka, na mzee mmoja anakugeuzia kitu kwenye moto, na ulikuwa umeikaza midomo kama ulivyokuwa ukiikaza ulipokuwa mdogo nikikufundisha kutia uzi kwenye sindano. Sumayya akasema, "Mwite." Nikafungua kinywa. Sauti haikutoka, Firdaus. Si hasira, hasira ningekuita. Niliona nikikuita utageuka, utanitazama, na kila utakachokiona kwangu utakiona kama kitu cha kutengeneza. Jinsi nilivyosimama. Viatu vyangu. Nikamshika mtoto mkono tukarudi njia ileile.

Usiivunje. Ukiivunja utakuwa umenitwisha mimi na hilo. Ipeleke ng'ambo, au iache, ni kazi yako na ni uamuzi wako, mimi usiniulize. Na usije Voi kuonana na wazee. Yaliyokwisha yamekwisha. Ridha ameahidi Sumayya atakuja kila likizo, na mpaka sasa ametimiza.

Nimekusamehe, kwa maana sikuombei baya, na nikikutaja katika dua nakutaja kwa heri. Kukuambia mambo yangu ndiko sitaweza. Nimejaribu katika barua hii, na umeona, kila mstari naufikiria mara mbili. Sumayya akitaka kukuandikia sitamzuia. Mimi nitakuandikia kila Idd, nikujulishe kuwa niko hai na nisikie kuwa uko hai. Zaidi ya hapo sina.

Leo mchana nimemsindikiza stendi, ameondoka na gari la Taveta. Alinipungia mkono mpaka kwenye kona. Wakati wa kurudi nilipita dukani kununua stempu. Mwenye duka akaniuliza ngapi, na nilikuwa karibu kusema kumi, kama siku zote, nikakumbuka kuwa barua za Sumayya huenda kwa mkono na gari la Taveta, na kwa posta wewe ndiye mtu pekee ninayemwandikia. Nikanunua moja.

Mwanamina